Cheti Ulichojitilia Saini Mwenyewe

Karani wa shule amenunuliwa laptopu mpya. Anaweka anwani ya barua pepe ya ofisi, anaandika neno la siri, na badala ya barua zake anaona onyo kwamba cheti cha seva hakiaminiki. Anampigia fundi mwenye duka Daraja Mbili. Ni Alhamisi, siku ya soko mjini Kisii, na fundi anasikika kwa taabu katikati ya kelele za makanga na wauza mitumba. Jibu linatoka bila kufikiriwa: “Bonyeza tu Continue, madam. Hiyo haina shida.”

Makala haya ni ya fundi huyo, na ya mwalimu mkuu anayemlipa. Siku nyingi jibu lake ni sahihi. Kuna siku halitakuwa sahihi, na onyo la siku hiyo litafanana kabisa na la siku nyingine zote. Karani atakuwa ameshafundishwa la kufanya: abonyeze, aendelee na kazi.

Cheti cha usalama kina kazi mbili. Ya kwanza ni kubeba ufunguo wa wazi unaotumika kuanzisha mazungumzo yaliyosimbwa kati ya simu au kompyuta na seva, ili aliye katikati asiyasome. Ya pili ni kudai jina: mimi ndiye seva ya barua ya shule fulani. Kazi ya kwanza ni hesabu tupu, na hesabu haiulizi nani alitia saini. Ndiyo maana si kweli, ingawa husemwa sana, kwamba cheti cha kujitilia saini hakifichi kitu. Ufunguo wa RSA wa biti 2048 uliotengenezwa kwenye kompyuta chakavu nyuma ya duka una nguvu sawa na wa biti 2048 ulio katika cheti kilichonunuliwa kwa pesa nyingi. Penye udhaifu ni kwenye jina.

Mama anayekuuzia mahindi Daraja Mbili kila wiki ana gorogoro yake. Haina muhuri wa mkaguzi wa vipimo. Unanunua kwake kwa sababu unamjua, na gorogoro yenyewe umeishika ukaona kwamba kitako hakijapondwa kuingia ndani. Mgeni aliyeshuka kwenye matatu leo hana habari hizo, na kwake gorogoro zote ni sawa, iliyo nzima na iliyopondwa. Cheti cha kujitilia saini ni hivyo hivyo. Kinafaa kati ya wanaofahamiana, tena kwa sharti kwamba mnunuzi ametazama kitako.

Muhuri wa mkaguzi, kwa upande wa kompyuta, hutolewa na mamlaka za vyeti, ambazo orodha yake huja ndani ya simu na kompyuta tangu kiwandani. Na mihuri hiyo nayo haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia katika mamlaka ya Uholanzi iitwayo DigiNotar wakajitengenezea mamia ya vyeti bandia, kikiwemo cha Google kilichotumika kuwapeleleza watu wa Iran. Kampuni ilifilisika mwezi Septemba mwaka huohuo. Nalitaja ili asije mtu akadhani nasema chenye muhuri ni salama na kisicho na muhuri ni haramu. Lakini DigiNotar ilipogundulika iliondolewa kwenye orodha za vivinjari. Cheti chako ukitilie saini wewe, ufunguo wake uibwe, hakuna wa kukiondoa popote isipokuwa wewe mwenyewe, kwa kuzunguka simu moja baada ya nyingine.

Sasa tuone shida inavyoingia. Bursa wa shule yuko kwenye hoteli mjini, amejiunga na Wi-Fi ya bure. Mtu aliyekaa meza ya pili ana laptopu inayojitangaza kwa jina lilelile la Wi-Fi ya hoteli, na simu ya bursa imejiunga nayo bila kujua tofauti. Programu ya barua inapotafuta seva ya shule, laptopu hiyo inajibu, “Ndiyo mimi,” na kutoa cheti ilichojitengenezea sekunde hiyo, chenye jina la seva ya shule. Simu inatoa onyo. Bursa ameliona onyo hilo tangu siku aliyoajiriwa. Anabonyeza. Neno lake la siri linapita mikononi mwa mtu wa meza ya pili, na barua zinaendelea kuingia kama kawaida, kwa sababu laptopu ile inapeleka kila kitu kwa seva halisi na kurudisha majibu. Hakuna kilichovunjika. Hakuna wa kupiga simu kwa fundi.

Neno la siri la barua pepe likishatoka, mengine yote yako wazi, maana huko ndiko zinakotumwa barua za kubadilisha maneno mengine ya siri. Kinachouma zaidi kwa ofisi ndogo ni pesa. Mwizi anasoma mawasiliano na msambazaji wa vitabu kwa wiki mbili tatu bila kugusa kitu, halafu siku ya malipo msambazaji “anaandika” kwamba amebadilisha akaunti ya benki. Barua imetoka mahali panapofaa, kwa lugha inayofaa, na kiasi ni kilekile kilichokubaliwa.

Kwa hiyo hasara kubwa ya cheti cha kujitilia saini imo katika mazoea kinayowapa watu. Na mazoea hayo huongezewa nguvu na jambo moja ambalo mafundi hulisahau: cheti hicho huisha muda. Ulikitengeneza kwa siku 365, mwaka umepita, umetengeneza kingine. Asubuhi hiyo wafanyakazi wote wanapata onyo jipya, na mtu mwangalifu kuliko wote ofisini, yule aliyekuwa ameandika kwamba cheti cha kazini kimeshahifadhiwa kwenye simu yake na hakitakiwi kuuliza tena, ndiye anayeambiwa aache wasiwasi.

Wako waliokimbia tatizo hilo kwa kutengeneza cheti cha miaka kumi. Debian na Ubuntu zenyewe hufanya hivyo: ukiweka programu ya seva ya barua iitwayo Postfix bila kugusa mipangilio, inaanza na cheti kiitwacho snakeoil, kilichojitilia saini kwenye mashine yako na kudumu miaka kumi. Kiliwekwa humo programu ipate kuwaka tu. Hakikukusudiwa kuhudumia watu, na jina lililomo mara nyingi ni la mashine wala si la seva yenu ya barua. Isitoshe, tangu iOS 13 simu za Apple hukataa cheti cha seva kilichotolewa baada ya tarehe 1 Julai 2019 kikiwa na muda unaozidi siku 825, hata kama umekitilia saini mwenyewe. Hukataa pia kisichokuwa na jina la seva katika sehemu ya majina mbadala. Fundi anashangaa kwa nini barua zinaingia kwenye Android ya karani na kugoma kwenye iPhone ya mkurugenzi. Mara nyingi ni moja ya hayo mawili.

Hata hivyo ipo sehemu ya seva ambapo cheti cha kujitilia saini hakidhuru kama watu wanavyodhani, nayo ni lango namba 25, ambako seva hupelekeana barua. Hapo hakuna mtu wa kuonyeshwa onyo. Desturi ya seva nyingi duniani ni kusimba mazungumzo ikiwezekana, bila kuhakiki jina, kwa sababu zikikataa cheti njia iliyobaki ni kutuma barua bila kusimbwa kabisa, na hilo ni baya zaidi. Tangu Februari 2016 Gmail imekuwa ikimwonyesha mtumiaji kufuli jekundu lililofunguka pale barua isipokuwa na usimbaji njiani. Cheti chochote, hata hicho cha snakeoil, kinatosha kuliondoa. Kwa hiyo ukiwa na saa moja tu ya kazi leo, usiimalizie kwenye lango la 25. Nenda kwenye 993 watu wanakosomea barua, na 465 au 587 wanakotumia kutuma. Huko ndiko maneno ya siri yanakopita.

Kuna onyo hapa kwa mwenye bidii ya kupita kiasi. Ukitangaza kwenye domeni yako sera ya MTA-STS, inayozitaka seva zinazokutumia barua zihakiki cheti chako, na kuiweka katika hali ya kulazimisha, huku cheti chako ni cha kujitilia saini, seva zinazoheshimu sera hiyo, Gmail ikiwemo, zitaacha kukuletea barua. Njia nyingine, DANE, inakubali cheti cha kujitilia saini kwa moyo mweupe, maana alama yake unaiweka wewe kwenye DNS. Ila inataka domeni iliyotiwa saini kwa DNSSEC, na ofisi ndogo chache zina mtu wa kuitunza hiyo.

Je, kuna ofisi inayoweza kukitumia kwa usalama hata upande wa wafanyakazi? Ipo. Zahanati yenye kompyuta nne, zote mikononi mwa fundi mmoja, hakuna anayesomea barua kwenye simu yake. Hapo tengeneza cheti, kisha uisome alama yake ya kidole ukiwa umekaa mbele ya seva yenyewe:

openssl x509 -noout -fingerprint -sha256 -in cheti.pem

Utapata mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Uandike au uuchapishe. Nenda kwenye kila kompyuta, fungua onyo, tazama maelezo ya cheti, linganisha mfuatano wote, ndipo ukubali na kuhifadhi. Hiyo ndiyo kutazama kitako. Kulinganisha herufi nne za mwanzo na kusema inatosha ni kujidanganya. Wafanyakazi waambiwe kwamba baada ya siku hiyo hawatakiwi kuona onyo tena, na wakiliona wasibonyeze, wapige simu.

Kompyuta zikizidi hapo, ni nafuu kuanzisha mamlaka yako ndogo ya ndani, uiweke kwenye kila kifaa mara moja, kisha itie saini vyeti vya seva kila vinapoisha bila kumsumbua mtu. Lakini jihadhari na simu. Tangu Android 7 iliyotoka 2016, programu nyingi haziamini mamlaka aliyoongeza mwenye simu, hata kama simu yenyewe imeikubali. Na kwenye iPhone, baada ya kuiweka, lazima uingie kwenye mipangilio ya kuamini vyeti uiwashe kwa mkono. Nimeona mafundi wakipoteza mchana mzima kwa hayo, na mwisho wakamwambia mteja achague ule mpangilio wa “kubali vyeti vyote” unaopatikana kwenye baadhi ya programu za barua. Huo ni mbaya kuliko onyo lenyewe. Onyo angalau linauliza. Mpangilio huo unakubali kimyakimya, leo na siku zote.

Kwa wengine wote, yaani karibu kila shule, chama cha akiba na mkopo na ofisi ya wakili kutoka Nyamira hadi Suneka, ushauri wangu ni mfupi: chukueni cheti cha bure chenye muhuri. Zamani kujitilia saini kulikuwa na sababu, kwa kuwa muhuri ulikuwa ukilipiwa kila mwaka, na kwa ofisi ndogo pesa hiyo ilikuwa karo ya mtu. Sababu hiyo ilikwisha Desemba 2015, Let's Encrypt ilipofungua milango kwa umma. Inatoa vyeti bila malipo, vya siku 90, na kazi ya kuvichukua na kuvihuisha hufanywa na programu kama certbot bila mtu kukaa hapo.

Fundi atasema: seva yetu iko ndani ya ofisi, nyuma ya ruta, haina anwani ya umma, Let's Encrypt itaifikiaje? Haihitaji kuifikia. Mbali na njia ya kupitia lango la 80 ipo njia ya DNS: unaweka rekodi ndogo ya maandishi kwenye domeni yako, wao wanaisoma, wanathibitisha kwamba domeni ni yako, wanatoa cheti. Domeni ya .co.ke au .sc.ke iliyosajiliwa kihalali inatosha, mradi unazo nywila za mahali DNS yake inaposimamiwa. Kwa ofisi nyingi hapo ndipo safari inapogotea: domeni ilisajiliwa na kijana aliyehamia Nairobi kitambo, kwa jina lake na namba yake ya simu. Mwalimu mkuu, kabla ya kuuliza habari za vyeti, uliza domeni ya shule imeandikishwa kwa jina la nani.

Cheti kikishapatikana, makosa yanayorudisha onyo ni yaleyale. La kwanza ni jina. Cheti kinasema mail.shule.sc.ke, lakini kwenye simu ya karani seva imeandikwa kwa namba za IP au kwa jina la kampuni ya mwenyeji. Cheti kizima, jina si lake, onyo linatoka. La pili ni kuweka cheti peke yake bila vile vya kati vinavyokiunganisha na mamlaka. Kivinjari kinaweza kuvumilia, programu ya barua haivumilii. Tumia faili la fullchain.pem. La tatu ni kusahau kwamba Dovecot hushikilia cheti cha zamani hadi iambiwe isome upya. Certbot inahuisha faili, siku zinapita, na siku ya 90 wafanyakazi wanaona cheti kilichokufa ilhali kipya kimelala kwenye diski. Weka amri ya kuzisomesha upya Postfix na Dovecot kila cheti kinapohuishwa, kisha jaribu kutoka nje ya ofisi, kwa data ya simu:

openssl s_client -connect mail.shule.sc.ke:993 -servername mail.shule.sc.ke

Mwishoni mwa majibu kuna namba. Ikiwa 0, sawa. Ikiwa 18, bado ni kile ulichojitilia saini. Ikiwa 21, umesahau vya kati.

Usitegemee kukumbushwa. Let's Encrypt iliacha kutuma barua za kuonya kuhusu kuisha kwa vyeti Juni 2025. Na anayedhani ataendelea kubadilisha vyeti kwa mkono ajue muda unazidi kufupishwa: mwaka 2025 mamlaka za vyeti na watengenezaji wa vivinjari walikubaliana kwamba kuanzia tarehe 15 Machi 2029 hakuna cheti cha umma kitakachozidi siku 47. Kwa mwendo huo lazima mashine ifanye kazi hiyo.

Kuna na lile la stima. Ikipotea na kurudi, kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa huamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Mbele yake kila cheti duniani “hakijaanza kutumika”, na onyo linajaa kila mahali. Kabla ya kulaumu cheti, tazama saa. Betri hiyo, CR2032, inauzwa hata na watengeneza saa wa kando ya barabara. Simu kuukuu nazo zina lake: Android zilizotangulia 7.1.1 haziijui mamlaka mama ya Let's Encrypt, na njia ya kuzisaidia iliyokuwepo ilifungwa 2024. Zamani mwenye simu kama hiyo aliweza kukimbilia kivinjari cha Firefox, ambacho huja na orodha yake chenyewe, lakini matoleo mapya ya Firefox hayaziungi mkono tena simu hizo; ni heri asomee barua kwenye kifaa kingine.

Sitaacha kusema na hili, ingawa fundi hatalipenda: ofisi nyingi ndogo hazikuhitaji seva yao ya barua hata kidogo. Kuiendesha kuna kazi nyingi: kuna orodha za seva zinazoshukiwa taka, kuna jina la kinyume la anwani ya IP, kuna usiku ambao diski imejaa. Kukodi sanduku za barua kwa mtoa huduma anayeeleweka ni nafuu, na cheti chake ni mzigo wake. Lakini kama seva ipo na ina barua za wazazi, wagonjwa au wanachama, basi Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu: taarifa za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, una saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data tangu ulipojua. Ni vigumu kuandika barua hiyo ukieleza kwamba wafanyakazi walikuwa wameagizwa kupuuza onyo.

Siku ya kuhama isiwe Jumatatu. Fanya Ijumaa jioni ofisi ikiwa imetulia, na usiishie kwenye seva. Zunguka kwenye kila kifaa. Kwenye Thunderbird, ingia kwenye mipangilio ya faragha na usalama, fungua vyeti, nenda sehemu ya seva, futa kila ruhusa iliyowahi kuhifadhiwa huko. Kwenye simu, popote palipochaguliwa “kubali vyeti vyote”, rudisha kwenye TLS ya kawaida. Andika upya jina la seva kama lilivyo kwenye cheti. Halafu badilisha maneno ya siri ya watu wote, kuanzia la bursa, kwa sababu hakuna ajuaye ni siku ngapi katika miaka iliyopita onyo lile lilikuwa la kweli.